Ugomvi wa Star Trek kwa vinywa vinne: uanze na kitabu kipi?

William Shatner alidhani mahojiano yamekwisha. Alikuwa amekwenda kwa Nichelle Nichols kuchota kumbukumbu za kitabu chake, wakacheka, wakakumbushana ya zamani, naye sasa anakusanya vifaa vyake aondoke. Nichols akamzuia. Alikuwa bado hajamaliza: alitaka kumweleza kwa nini anamchukia.

Kisa hicho Shatner amekiandika mwenyewe. Katika Star Trek, tamthilia ya televisheni ya Marekani kuhusu mabaharia wa meli ya angani, yeye ndiye aliyekuwa Nahodha Kirk, Nichols alikuwa Luteni Uhura, na tangu waigize pamoja mara ya kwanza ilikuwa imepita zaidi ya miaka 25. Akienda kwa mwenzao James Doohan, yule fundi Scotty, hakufika hata mlangoni: Doohan alikataa kabisa kuhojiwa.

Ukishasikia hayo, unatamani kujua kilichotokea. Hapo ndipo msomaji anapokwama, maana walioandika ni wengi. Kati ya 1993 na 1995 peke yake vilitoka, miongoni mwa vingine, vitabu hivi vinne: Star Trek Memories cha Shatner (1993), To the Stars cha George Takei (1994), Beyond Uhura cha Nichols (1994) na I Am Spock cha Leonard Nimoy, aliyeigiza Spock, msaidizi wa Kirk (1995). Vyote vya Kiingereza, na vyote vinasimulia chumba kilekile. Kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake, kwa hiyo aliyebahatika kusoma kimoja tu huamini amejua yote. Mimi nilianza na cha Shatner na kwa muda mrefu nilidhani wenzake walikuwa watu wa kununa tu. Nilipofika kwa Takei nikageuka, nikamwona Shatner nduli. Sasa sipo upande wowote, ila ninajua nani nimpe kitabu gani.

Kwanza, waligombania nini

Star Trek ilianza kuonyeshwa na kampuni ya televisheni ya NBC tarehe 8 Septemba 1966 na ikasimama Juni 1969 baada ya vipindi 79. Katika msimu wa kwanza, majina yaliyoonekana mwanzoni mwa kipindi yalikuwa mawili tu: Shatner na Nimoy. DeForest Kelley, daktari McCoy, aliongezwa msimu wa pili. Waliobaki walisubiri mwishoni, wakati mtazamaji ameshainuka kwenda jikoni.

Mgawanyo huo wa majina ulikuwa pia mgawanyo wa mikataba. Shatner na Nimoy walikuwa na uhakika wa kazi kila wiki. Takei na Doohan walihakikishiwa vipindi kadhaa tu, na Nichols alilipwa kama kibarua wa siku: akiitwa analipwa, asipoitwa halipwi. Sasa fikiria hati ya mchezo inafika Jumatatu ikiwa na mistari kumi ya Uhura, kufikia Alhamisi imebaki mitatu. Kwa nyota, mstari mmoja ni suala la sifa. Kwa kibarua, mistari ikiisha na siku ya kazi imekwenda. Ndiyo maana malalamiko yaleyale kuhusu "kuibiwa mistari" yanasikika kama utoto yakisomwa upande mmoja, na kama njaa yakisomwa upande wa pili.

Ninavyovipima

Maswali yangu ni manne. Msimulizi alikuwa amesimama wapi? Anamlaumu nani, na kwa ushahidi gani? Anajigusa na yeye, au mkosaji ni jirani siku zote? Na ukiondoa ugomvi wote, kitabu kinabaki na nini? Sikuweka swali la "nani mkweli". Wote wanne nadhani wanasema walichokiona, na hilo ndilo linalotatiza.

Alikuwa amesimama wapi

Shatner alikuwa katikati kabisa. Alizaliwa Montreal mwaka 1931, akakomaa kwenye majukwaa ya Kanada, akaletwa Star Trek kuwa nyota baada ya jaribio la kwanza, lenye nahodha mwingine, kukataliwa na NBC. Utetezi wake ni mwepisi kueleweka: Kirk yumo karibu kila tukio, kurasa za kukariri kila usiku hazikwisha, na wenzake wadogo walikuja siku zao, wakafanya yao, wakaondoka. Anasema hakuwajua, sembuse kuwadhulumu. Nusu ya hayo ninayaamini. Nusu nyingine inajijibu yenyewe: mtu anayefanya kazi na mwenzake misimu mitatu bila kumjua hakushindwa kwa sababu ya wingi wa kurasa tu.

Nimoy alizaliwa Boston siku nne tu baada ya Shatner, na yeye katika familia ya Kiyahudi. Alianza kama wa pili. NBC walimwogopa huyo Spock mwenye masikio ya ncha, wakidhani ataonekana kama shetani, halafu barua za watazamaji zikaanza kumiminika kwake. Aliteuliwa kuwania tuzo ya Emmy mara tatu, 1967, 1968 na 1969. Shatner hakuteuliwa hata mara moja kwa Kirk. Mtayarishaji Gene Roddenberry alihangaika hadi akamwandikia mwandishi Isaac Asimov kuomba ushauri: afanyeje nyota asimezwe na msaidizi wake? Asimov akamshauri awafanye wawili wasiotengana, kila anayemfikiria Kirk amfikirie na Spock. Ushauri ulifaa kwa tamthilia. Kwa roho za waigizaji hao wawili sina hakika.

Takei na Nichols walikuwa pembeni. Takei ndiye mshika usukani Sulu, ambaye kamera ilimpata kwa sababu tu alikaa mbele ya nahodha, na Nichols ndiye Uhura, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kutangaza kwamba njia za mawasiliano ziko wazi. Walipo wao unaona kitu ambacho wa katikati hawezi kukiona: nani anatembea kwenda kwa mwongozaji kumnong'oneza, na hati inarudi vipi baada ya hapo.

Anamlaumu nani

Takei ndiye anayemlenga Shatner wazi kuliko wote wanne. Kisa chake kikubwa si cha miaka ya sitini bali cha filamu ya pili ya sinema ya Star Trek, ya 1982. Kulikuwa na tukio fupi ambapo Kirk anamwambia Sulu kwamba sasa atapewa meli yake mwenyewe. Takei alikuwa amelipigania tukio hilo. Siku ya kurekodi, anasema, Shatner alitamka maneno yale kwa ubaridi, bila hata kumtazama, na tukio likaishia kukatwa. Sulu alikikalia kiti cha unahodha katika filamu ya sita, 1991, baada ya miaka tisa. Shatner hakubaliani na tafsiri hiyo. Msomaji hana njia ya kuamua, kwa kuwa ubaridi wa sauti haupimwi kwa rula, lakini Takei anaandika vizuri kiasi kwamba unahisi umekaa pale.

Nichols anamlaumu Shatner pia, ila lawama yake imesambaa zaidi. Anaitaja studio, na katika studio anataja jambo linalouma kuliko mistari: barua za mashabiki wake zilikuwa zikifika kwa wingi bila yeye kupewa, na aliyemfichulia ni mfanyakazi wa chumba cha barua. Alipofika mwisho wa msimu wa kwanza alikuwa ameshaamua kuacha.

Nimoy anamsema Shatner kama unavyomsema ndugu yako. Kuna kisa cha baiskeli: Nimoy alikuwa nayo ili awahi chakula cha mchana, maana kujipaka na kujipangusa vipodozi vya Spock kulimla muda, na Shatner akawa anamfichia, mara moja akaipandisha juu kabisa kwenye dari la studio. Utani, lakini utani wenye meno. Kuna na siku mpiga picha wa gazeti alipokuja kumpiga Nimoy akipambwa, Shatner akataka atolewe, na Nimoy naye akajifungia chumbani, hatoki mpaka mpiga picha arudishwe. Hasira zake za kweli, hata hivyo, ziko kwa Roddenberry na kwa studio. Anasimulia jinsi mazungumzo ya mshahara yalivyoharibika baada ya msimu wa kwanza hadi studio ikatayarisha orodha ya waigizaji wa kumrithi, na jinsi sura ya Spock ilivyotumika kuuzia bia Uingereza bila yeye kupata kitu. Tukumbuke tu kwamba Roddenberry alifariki Oktoba 1991. Vitabu vyote vinne vilitoka baada ya hapo, naye hakupata nafasi ya kujibu.

Shatner hamlaumu mtu kwa uzito. Anachofanya ni kuwapa wenzake nafasi ya kumlaumu yeye, ndani ya kitabu chake.

Anajigusa na yeye?

Hili ndilo swali ninalolipenda, na majibu yake yalinishangaza.

Nilitarajia Shatner atoke mtupu. Hakutoka mtupu. Angeweza kuyaacha maneno ya Nichols kwenye kanda na hakuna ambaye angejua. Ameyachapisha, pamoja na aibu yake ya kusikia kwamba wengine nao walimwona hivyo. Anachokosa ni hatua inayofuata. Anashangaa, anasikitika, kisha anaendelea kushangaa. Kuna wasomaji wanaomwona mnyofu kwa hilo na wengine wanaoona mshangao ule umezidi.

Nimoy anajichimba kuliko wote. Mwaka 1975 alitoa kitabu alichokiita I Am Not Spock, yaani Mimi Si Spock, na mashabiki wengi, hasa wasiokifungua, wakakasirika wakidhani amemkana mhusika wao. Kile cha 1995, Mimi Ni Spock, ni kama kurudi kuomba radhi kwa jina la jalada. Ndani yake anaandika mazungumzo ya kubuni kati yake na Spock, mmoja ana hasira na mwingine hana, na humo ndimo anamokiri kwamba na yeye alikuwa na kichwa kigumu. Mazungumzo hayo mengine yananichosha, nisifiche. Lakini mtu anayegombana na mhusika wake mwenyewe ana la kutufundisha kuhusu nafsi ya mwigizaji.

Takei, mlalamikaji mkubwa, ana ungamo moja zuri sana. Katika msimu wa pili aliondoka kwa muda kwenda kuigiza filamu ya The Green Berets pamoja na John Wayne, upigaji ukachelewa, na mistari aliyoandikiwa ikapewa kijana mgeni, Walter Koenig, aliyeigiza Chekov. Anakiri kwamba alimchukia Koenig kabla hata ya kumwona. Yaani chuki ileile anayoeleza kuwa alitendewa, naye aliibeba kumwelekea asiye na hatia. Mwaka 2008 Takei alipofunga ndoa na Brad Altman, aliyesimama naye kama msimamizi alikuwa Koenig huyohuyo, na Nichols naye alikuwa miongoni mwa wasimamizi. Shatner hakuwepo, na hadi baadaye walibishana hadharani kama alialikwa au hakualikwa.

Nichols hajichimbi sana. Lakini anampa adui yake haki yake, na hilo si dogo. Busu la Kirk mzungu na Uhura mweusi lililorushwa Novemba 1968, tukio ambalo wakuu wa NBC walitaka lirekodiwe pia bila busu, yeye anamsifu Shatner kwa kulilinda: walipofika kurekodi toleo lisilo na busu, Shatner alikodoa macho yakapishana makusudi, toleo likaharibika, na lenye busu likabaki.

Ukiondoa ugomvi, kinabaki nini

Cha Takei kinabaki na kitu kizito kuliko Star Trek. Akiwa mtoto, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, yeye na familia yake walichukuliwa nyumbani kwao Los Angeles kwa sababu tu walikuwa na asili ya Kijapani, wakapelekwa kambi ya Rohwer katika vinamasi vya Arkansas, kisha Tule Lake huko California. Kurasa hizo ndizo bora za kitabu, na zinakusaidia kuelewa kwa nini mtu huyu hasahau kirahisi anaponyimwa nafasi yake. Kuna pia habari za siasa za jiji na usafiri wa umma wa Los Angeles, ambazo mimi nilizirukaruka. Kasoro moja: kimeandikwa miaka kumi na moja kabla hajatangaza hadharani mwaka 2005 kwamba ni shoga, kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake haimo.

Cha Nichols kinatugusa sisi moja kwa moja. Siku ya kufanyiwa usaili alikuwa ameshika riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru. Neno likampendeza Roddenberry, wakalilainisha mwishoni likawa Uhura. Sikio la Mswahili linaona kombo hapo, maana uhuru ulikuwa umeshatosha bila kulainishwa, lakini jina limesimama. Katika kipindi cha kwanza kabisa kurushwa, kiumbe anayejigeuza sura anamjia Uhura katika umbo la mwanamume mweusi na kumsemesha kwa Kiswahili. Halafu kuna kisa anachosimulia cha wikiendi ile aliyokwisha kuamua kuacha kazi: alikutana na Martin Luther King kwenye hafla ya NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, akamwambia anaondoka, naye King akamkatalia, akamweleza kwamba kwa mara ya kwanza watu weusi wanaonekana kama inavyopasa. Jumatatu akarudi kazini. Baadaye kuna kazi yake ya kuwashawishi wanawake na weusi waombe kujiunga na NASA, shirika la anga la Marekani.

Cha Shatner kinabaki na karakana. Ukitaka kujua tamthilia ilivyotengenezwa, hofu za NBC, barua za watazamaji zilizookoa msimu wa tatu na jinsi ulivyotupwa Ijumaa saa nne usiku ukafie huko, chake kina mengi, kwa sababu alihoji watu wengi nje ya waigizaji. Kinasomeka upesi.

Cha Nimoy ni cha ufundi wa kuigiza. Anaeleza salamu ya vidole vilivyoachana aliyoitoa kwenye baraka za makuhani wa Kiyahudi alizoziona sinagogi akiwa mtoto. Humo pia utaelewa jinsi ushindani ulivyogeuzwa mkataba: chochote alichopewa mmoja, mwenzake naye apewe. Nimoy akaongoza filamu ya tatu na ya nne, basi Shatner naye akaidai ya tano. Ya nne iliingiza karibu dola milioni 110 huko Marekani, ya tano kama milioni 52.

Sasa chagua

Kama hujawahi kuiona Star Trek na unataka picha ya jumla kwanza, anza na Shatner, lakini soma sura za mwisho kwa makini na usiishie hapo ukadhani umesikia pande zote.

Kama wewe mwenyewe ni mwigizaji, mwanamuziki wa bendi au mtu wa kazi ya kundi lenye staa mmoja, chukua Nimoy. Hakuna kati ya hao wengine anayeeleza vizuri kama yeye hali ya kuwa wa pili anayependwa kuliko wa kwanza. Ukitaka kujua urafiki huo uliishaje, ongeza kitabu cha Shatner cha 2016 kiitwacho Leonard, kilichotoka mwaka mmoja baada ya Nimoy kufariki. Humo Shatner anakiri kwamba Nimoy aliacha kabisa kuzungumza naye miaka ya mwisho, na kwamba hakuwahi kupata uhakika wa sababu.

Kama unachotaka ni ugomvi wenyewe, kwa majina na matukio, ni Takei. Msomaji asiyejali Star Trek hata kidogo lakini anapenda historia naye namwelekeza hukohuko.

Kama unatafuta kitabu cha kumpa binti yako, au unapendezwa na safari ya Kiswahili kufika kwenye televisheni ya Marekani, ni Nichols. Vivyo hivyo kama unachoshwa na lawama: yeye anajua kukasirika na kushukuru katika ukurasa mmoja.

Kama una nafasi ya vitabu viwili, usichukue viwili vya upande mmoja. Nimoy na Nichols wanakwenda pamoja vizuri, kwa sababu hawakuchukiana: mwaka 1973 ilipotengenezwa Star Trek ya katuni, na studio ikataka sauti za Sulu na Uhura ziigizwe na watu wengine ili kubana matumizi, Nimoy alisema bila Takei na Nichols hata yeye hayumo, wakaajiriwa. Shatner na Takei wanakwenda pamoja vibaya, na kwa wengine hiyo ndiyo raha yake.

Na kama ungependa kusikia kutoka kwa yule ambaye wote wanne wanamsema vizuri, DeForest Kelley, hapo sina cha kukupa. Alifariki Juni 1999 bila kuandika kumbukumbu zake.